Mshindi Aliyekosa wa Kumtwisha

Masaki, Kisarawe
Alhamisi, 17 Julai 2025

Mpendwa dada Mboni,

Shikamoo dada. Naamini umeitikia, maana mwalimu Elinipa ameibeba barua hii kwa heshima zote. Amehamishiwa shule ya huko kwenu Mpanda, nikaona heri nimpe karatasi kuliko kukupigia simu. Kwenye simu ukiniuliza hali nitasema nzuri, na salio litaisha tukiwa bado tunadanganyana.

Goti lako linaendeleaje? Shemeji Ashrafu bado anazikataa dawa za hospitali na kunywa za jirani? Na Maua, amejifungua salama? Huku afya ipo. Nyumba tu ndiyo imekuwa kubwa tangu Tunu atutoke. Sikujua mke mmoja anaweza kujaza vyumba vitatu. Jioni naongea na redio, lakini redio nayo haina subira ya kusikiliza.

Mihogo imekaa vizuri. Nguruwe pori wamekula sehemu yao, wametuachia yetu.

Ulisikia kwamba nilipata ukulima bora wa korosho. Ni kweli, ila hukusikia yote.

Unaukumbuka utaratibu wetu wa salfa. Mikorosho ikianza kutoa maua tunaipulizia unga wa salfa, la sivyo ubwiri unayavika maua ukungu mweupe na kuyakausha. Tuko watu saba, mashine ni moja ya kuchangiana, na tunakwenda shamba kwa shamba kwa zamu, alfajiri umande ungali kwenye majani. Mmoja anabeba mgongoni, mwenzake anamtwisha na kumvutia kamba ya kuwashia, wengine wanashika mifuko. Wa zamu ya kwanza ana raha. Wa mwisho anakuta ubwiri umeshakaribishwa, umekaa, umekunja miguu. Ndiyo maana zamu tunazizungusha kila mwaka.

Mwaka jana yakatangazwa mashindano. Dada, siyalaani mashindano. Mwaka ule nilipalilia mpaka siafu wakapotea njia. Nilikata matawi ambayo marehemu baba aliogopa kuyagusa. Yote hayo kwa sababu ya kumchungulia Jabiri, jirani yangu tuliyekuwa tukiiba naye mananasi utotoni. Naye alikuwa akinichungulia.

"Salehe, ukinishinda navaa kanga ya mke wangu, naingia nayo sokoni," aliniambia mpakani.

"Mwambie aanze kuifua," nikamjibu.

Kama ningeishia hapo leo nisingekuwa na la kukuandikia. Zamu ya kwanza ilikuwa yangu, ya pili yake. Nilipomaliza nikamwambia mashine imekufa plagi, nahangaikia nyingine. Nikakaa nayo siku nne. Katika siku hizo nikalipulizia shamba langu mara ya pili, nikitwishwa na kibarua mmoja wa Magindu, alfajiri mapema kabla watu hawajaamka. Mashine ilipomfikia Jabiri, maua yake yalikuwa meupe kama yaliyomwagiwa unga wa ngano.

Mwezi wa pili tukaitwa Kibaha kwa zawadi. Wenzangu wote sita walikuja, wamevaa kanzu za Idi, wakakaa safu ya tatu. Mshereheshaji akanisogezea kipaza sauti, akauliza siri ya mafanikio yangu. Nami, dada, mtu ninayejisifu kwamba nawajua watu kwa kuwatazama tu, nikasema, "Siri ni kujituma. Haya yote nimeyafanya peke yangu."

Nilipigiwa makofi sana. Nikapewa cheti na mashine mpya ya salfa.

Tukiwa njiani kurudi Jabiri akanipa mkono. "Hongera, Mzee Peke Yangu." Wote wakacheka, nami nikacheka. Jina hilo sasa ndilo langu, hata watoto wa chuo cha Kurani wananiamkia nalo. Walipopanga zamu za mwaka huu sikuwamo. Nilipouliza, Jabiri akasema kwa upole, "Wewe una mashine yako, bwana. Ya nini tukucheleweshe?" Ule upole uliniuma kuliko tusi.

Basi, maua yakatoka. Yule kibarua alisharudi kwao kwenye ng'ombe. Mashine mpya ni nzito, na kamba ya kuwashia iko mgongoni, mahali ambapo Mungu hakumpa binadamu mkono. Nikaiweka juu ya benchi, nikaiwasha, nikachuchumaa nikaingiza mabega kwenye mikanda, nikainuka. Ikanivuta yenyewe kwa nyuma. Nilianguka chali kama kobe, salfa ikanipaka mwili mzima, na kuku wakanizunguka wakidhani nagawa pumba. Nikanyoosha mkono nikaizima, halafu nikabaki nimelala pale. Sikuumia. Nilikuwa nangoja mtu apite anicheke, na hakupita mtu.

Siku ya nne tangu nianguke, ukungu ukaanza kuonekana upande wa mpakani na Jabiri. Siku ya tano alfajiri nikasikia hodi. Alikuwa Jabiri, kitambaa kimeshafungwa puani.

"Sijaja kwako," akasema. "Nimefuata maua. Ubwiri wako hauulizi mpaka uko wapi. Geuka."

Nikageuka, akanitwisha, akavuta kamba. Tulipulizia alfajiri tatu. Siku ya tatu, aliponitua, nikamwambia habari ya plagi. Nilikuwa nimeibeba mwaka mzima, ikawa nzito kuliko mashine.

Akafungua kitambaa. "Salehe, mashine ile inasikika mpaka msikitini. Ulidhani unapulizia kimyakimya? Alfajiri zile mimi na mke wangu tulikuwa kitandani tunakusikiliza. Wote walijua."

"Sasa mbona mlikuja Kibaha kunipigia makofi?"

"Tulikuja kusikia kama utataja hata jina moja. Tungekusamehe palepale."

Nikamkaribisha chai. Akasema amekunywa. Saa kumi na mbili asubuhi, dada, nani amekunywa chai?

Maua yangu sasa ni safi na nitavuna vizuri. Natazama mavuno hayo yanakuja, na sina wa kumwonyesha.

Jana nimeibeba mashine mpya kwa bodaboda, nikaiweka barazani kwa Jabiri. Mkewe akaipokea na kunishukuru kama anavyomshukuru mgeni. Nimewaachia maneno: iwe ya wote, na mimi nipewe zamu ya mwisho, mwaka huu na mwaka ujao. Sijajibiwa. Leo alfajiri nimeisikia ikilia kule kwao, na watu wanataniana. Kesho watafika kwa Salumu, mmoja wa wale sita, shamba lililopakana na langu upande wa chini. Nitakwenda kusimama pale na mfuko wa salfa begani. Anayetaka kuupokea ataupokea. Niombee dua, dada, na usiniombee mavuno, hayo yapo.

Nisalimie sana shemeji Ashrafu, Maua na mwanawe ambaye simjui jina, na mama mkwe wako kama bado anakugombeza. Mwenyezi Mungu awape wingi wa watu mlangoni.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na kukukumbuka kila siku,

Salehe