Tope la Kikao

Alhamisi, mwishoni mwa Februari. Asubuhi ukungu ulishuka mpaka kwenye migomba, baadaye jua likawaka, na jioni hii mlima uko wazi wote, hauna hata wingu la kujifunika. Mwili umechoka. Moyo haujachoka, na kwangu hilo ni jambo geni siku hizi.

Neema, binti yangu, ndiye aliyenifungulia ukurasa huu wa mtandaoni baada ya msiba wa mama yake. Alisema, Baba, kama hutaki kuongea, basi andika. Naandika.

Leo nilikwenda kwenye kikao cha kamati ya shule nikiwa nimeshaamua kwamba kitakuwa cha mwisho kwangu. Nafasi ile ilikuwa ya Mama Neema, mke wangu. Alipofariki wazazi wakanichagua mimi, nadhani kwa huruma. Miaka yote nilikuwa fundi wa magari, gereji kule mjini, Sokon I. Nilitoka nyumbani alfajiri, nikarudi giza limeingia. Kahawa, ng'ombe, shule, majirani, vyote vilikuwa mikononi mwake. Nimestaafu na kuja kuishi katika kijiji ambacho, kwa kweli, nilikuwa nakuja kulala tu.

Jioni za vikao alikuwa anarudi na tope kwenye pindo la kitenge. Nilimtania: kikao gani hicho kinachofanyika topeni? Alicheka, akanawa miguu pale bombani, akasema, "Kilikuwa kirefu." Nikadhani ni njia mbaya.

Shida yetu ni jiko. Uji wa watoto unapikwa chini ya mabati machache yaliyowekwa juu ya nguzo, bila ukuta. Masika iliyopita upepo wa mlimani ulileta mvua ya ubavuni, kuni zikalowa, uji ukakoma. Wale wadogo wanaotoka kule juu, karibu na msitu, walikuwa wanaondoka wakati wa mapumziko kwenda kutafuta chochote nyumbani. Wengi hawakurudi darasani siku hiyo, na wengine hawakurudi hata siku zilizofuata. Sasa masika nyingine iko mlangoni. Mawe yapo mtoni, mchanga upo, saruji imeshapatikana. Kinachokosekana ni watu.

Nimewaita mara kadhaa. Watoto wamepeleka matangazo nyumbani. Kikao kilichopita walikuja wachache, wakakaa nyuma karibu na mlango.

Leo hakuja mtu.

Tulikaa mimi na mwalimu mkuu katika darasa tupu. Ni binti mdogo, ametoka Singida, ananiita baba. Hakulalamika. Alisema tu kwamba siku hizi akiona wingu upande wa Momela, mvua inakotokea, anakimbia kufunika kuni. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimwambie watafute mtu mwingine, mara mpishi akapita dirishani na ndoo, akashangaa kutuona. "Shikamoo mzee. Mnamngoja nani? Leo si siku ya mfereji?"

Mfereji ndio unaotuletea maji ya mashamba kutoka mlimani. Siku ya kuusafisha kila nyumba hutoa mtu, na asiyefika hufungiwa maji. Mimi nimeweka kikao siku hiyohiyo. Mwalimu ni mgeni, ana haki ya kutojua. Mimi nimezaliwa hapa.

Nikapanda mlima na viatu vyangu vya kanisani.

Walikuwepo wote. Wazazi wote niliokuwa nawanung'unikia moyoni walikuwa wamejipanga kando ya mfereji, kila mmoja kwenye kipande chake, majembe yanapanda na kushuka. Baba Elifuraha, ambaye wajukuu wake wanasoma pale, ndiye aliyeniona kwanza. "Jamani, simameni vizuri, kamati imekuja kutukagua. Na viatu imepaka rangi."

Wakacheka, nami nikacheka. Niliona haya kusimama mikono mitupu, nikamuuliza jirani yangu Mama Upendo kipande cha nyumba yetu kiko wapi, nianze kuchimba.

Akanyoosha kidole kwenye mti mmoja wa mringaringa. Chini yake mfereji ulikuwa umeshasafishwa, kingo zimepigwa vizuri, maji yanapita.

"Chenu kimeshachimbwa, Baba Neema. Tunakichimba kwa zamu tangu msiba. Ulidhani maji yanafikaje kwako?"

Sikuwa nimedhani chochote. Maji yalifika, nikayaona ni maji tu.

Nikavua viatu, nikakunja suruali, nikaomba jembe. Nilichimba kipande cha bibi mmoja ambaye mgongo unamsumbua, na huku nachimba nikawaeleza habari ya jiko. Sikuhutubia. Pumzi yenyewe ya kuhutubia sikuwa nayo.

Baba Elifuraha aliegemea mpini wa jembe lake. "Ninyi kamati kila siku ni wazazi wajitokeze, wazazi washiriki. Mzazi ndiye nani? Mfereji huu ni mrefu, lakini kipande changu nakijua hata ukinifunga macho. Kwenye hilo jiko nionyeshe kipande changu. Usiponionyesha, nani atajua kwamba sikuja?"

"Mama Neema alikuwa anatufuata hapahapa," akasema Mama Upendo. "Darasani hakutuita."

Niliinama nikaendelea kuchimba, kwa sababu sikutaka wanione uso.

Kazi ilipokwisha tukachuchumaa, mtu akachora jiko kwa kijiti kwenye tope. Ukuta ukagawanywa kama mfereji, nyumba kwa nyumba. Watu wa juu walipewa upande unaotazama mlima, kwa kuwa upepo ule wanaufahamu. Wawili waligombania upande wa mlango, mpaka Mama Upendo akawaambia mlango si kazi, ni tundu. Wengine walishika njia kabla hatujamaliza, na mmoja alisema watoto wake walishamaliza shule, tumtoe. Hatukumtoa. Tuliacha kipande chake kwenye mchoro, akakitazama kidogo ndipo akaondoka.

Pembe moja walisema ni ya Mama Neema. Nikasema nitaijenga mwenyewe.

"Fundi wa magari?" akasema Baba Elifuraha. "Haya. Ikianguka tutajua ni ya nani."

Nilitaja Jumamosi, wakaniambia Jumamosi ni soko. Mama Upendo akasema iwe kesho, kabla watu hawajaanza kusahau. Nilipita shuleni kumweleza mwalimu mkuu. Aliitazama miguu yangu kwanza, kisha akaniuliza mawe yatawekwa upande gani. Yale maneno yangu ya kuaga hayakupata nafasi, nami sikuyatafutia.

Sijui watakuja wangapi. Baba Elifuraha atakuja, hata kama ni kunicheka tu. Mawingu bado hayajaonekana.

Neema amepiga simu sasa hivi, ameuliza kikao kilikuwaje. Nikamwambia kilikuwa kirefu. Akacheka kama mama yake.

Suruali ina tope mpaka magotini. Nimeiacha mlangoni, kando ya mabuti ya Mama Neema, ambayo bado sijaweza kuyaondoa. Leo siifui. Kesho ni kubeba mawe, itachafuka tena.