Mifano ya Mama Yote Inakuhusu Wewe

Ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye. Hujambo wewe? Shemeji hajambo? Na pacha, kile kikohozi kimewaachia? Sisi huku wazima. Mama mgongo unamsumbua akikaa sana kwenye cherehani, lakini ukimwambia apumzike anajifanya hasikii.

Unajua Mama anakuja kwenye darasa langu la Kiingereza la jioni, pamoja na kinyozi, dereva wa teksi na wengine. Alisema anataka kuongea na wajukuu zake wa huko ng'ambo bila wewe kumtafsiria. Nilifurahi, nikajua tumepata jambo la kufanya pamoja, mimi na yeye. Kumbe nilikuwa nakukaribisha wewe darasani.

Mwezi huu tunajifunza jambo ambalo wenye lugha yao wanalo midomoni kila siku: wanatanguliza nomino, kisha wanaifungulia habari nzima. Habari kwamba, wazo kwamba, hofu kwamba, tumaini kwamba. Nimewaambia uzuri wake ni kuwa neno la kwanza linakuonyesha mapema msemaji analichukuliaje jambo, kabla hajalisema lenyewe. Dereva yeye ameng'ang'ania moja tu. Siku hizi hata akiomba kalamu huanza na "the fact that", yaani ukweli kwamba, na sijui nitamtoaje humo.

Kila mmoja hutoa mfano wake. Wengine wanabuni tu; kinyozi alisema wazo kwamba ataoa malkia linamkosesha usingizi. Mama habuni. "Mwanangu, mimi siwezi kusema uongo hata kwa lugha ya watu," aliniambia. Basi anasema ya kweli, na ya kweli yote ni wewe. Habari kwamba binti yangu amepandishwa cheo. Tumaini kwamba binti yangu anavaa sweta. Hofu kwamba binti yangu anachoka. Mimi niliyempeleka kliniki asubuhi ile ile nimesimama mbele yake na chaki, naye ananitazama usoni ananisimulia habari zako! Juzi kinyozi akaniuliza kwa adabu zote, "Samahani mwalimu, kwani Mama ana watoto wangapi?" Darasa zima likaangua kicheko. Nilicheka pia, lakini ndani nilikuwa nawaka moto.

Nakuonea wivu, wacha niseme wazi. Ukipiga simu wewe, cherehani inasimama. Nikiongea mimi, inaendelea.

Halafu ikaja Alhamisi. Zamu ya Mama ilipofika alisimama, akashika kiti cha mbele yake, akasema Kiingereza safi bila kukwama hata mahali pamoja: habari kwamba nahamia kwa binti yangu haijamfikia dada yake.

Nikasema, "Sahihi," nikageukia ubao nikaanza kufuta mahali pasipo na maandishi.

Kwa hiyo mlishapanga, wewe na yeye, na mimi najulishwa pamoja na kinyozi! Nyumbani nilimpakulia chakula, nikaenda zangu chumbani. Akanifuata, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Nilishindwa kukuambia kwa lugha yetu," alisema. "Kwa lugha yetu ningelia."

Basi nikalia mimi, kwa niaba ya wote wawili. Alinipapasa mgongo, akaapa kwamba hatatoka hapa mpaka mimi mwalimu wake niseme Kiingereza chake kinatosha. Unaona alivyoniweka? Ningeweza kusema bado. Siku mbili nzima nilikuwa na hilo neno ulimini, na lilikuwa tamu sana. Ningemrudisha mwanzo, nimfundishe upya hadi nizeeke naye.

Leo asubuhi nimemwambia amefaulu. Mchukue.

Ila ujiandae, mdogo wangu. Mama mdomoni mwake hukaa aliye mbali. Unakumbuka Kaka alipokuwa kazini ng'ambo, tulivyoimbiwa jina lake mpaka tukamchoka, na aliporudi hakutajwa tena? Mama akifika kwako, aliye mbali nitakuwa mimi. Utampikia, utamfulia, utampeleka kliniki, halafu mezani, mbele ya shemeji na watoto, utasikia binti yangu, binti yangu, na binti huyo si wewe. Na mimi huku sitamsikia hata neno moja.

Nisalimie shemeji sana, na pacha uwabusu mmoja mmoja wasigombane. Kaka anakusalimu, na mkewe pia. Mungu awape afya nyote, na amfikishe Mama salama mikononi mwako.

Ni mimi nikupendaye, pamoja na wivu wangu wote,

Dada yako