Nilisema "Basenji" Siku ya Mahari ya Alliance

Mama Marie-Jeanne, nakusikilizaka kila siku kwenye radio nikijua shida ni za wengine, leo iko zamu yangu naomba unisaidie, minye Kizito wa Nyamianda, mutu anayejulikana, nikisemaga kwenye arusi hata mamba wa Ruzizi wanatokaka majini kunisikiliza. Jumamosi wakwe walitoka Sange na mbuzi wa mahari kuja kuposa Alliance, binti ya marehemu kaka yangu mukubwa, na unajua desturi, musemaji wa upande wa binti lazima awachokoze wageni kidogo, watu wacheke. Basi nikamwambia musemaji wao: "Weye Sévère, basenji wako hawa wa mashamba ya mupunga, nani aliwafundisha kukaa kwenye kiti?" Akacheka, akauliza, "Basenji ni nini, baba?" Hapo ningenyamaza. Lakini minye iko mutu wa historia, nikaeleza kwamba ni mutu asiye na ukoo wala akili, na neno lilitungwa na babu yangu, aliyekula meza moja na Wabelgiji. Nyanya wa bwana-arusi akarudisha soda yake kwenye kasha. Akasema, "Twende." Wakaenda na mbuzi wao. Sasa Alliance ananiwekea chakula, anasema tu "Iko tayari," haniiti tena baba mudogo. Ukweli, mama, babu alikuwa mupishi wa wazungu wale, alikula jikoni, amesimama. Nifanye nini?

*Baba Kizito,*

Kuchokoza wakwe ni desturi, sikukatalii. Unawachokoza kwa mbuzi aliyekonda, kwa kuchelewa kwao, siyo kwa utu wao. Na historia yako itupe ziwani. Neno hilo ni "washenzi", lilikuja na misafara ya watu wa pwani: walivuka ziwa toka Ujiji wakamwita hivyo kila waliyemkuta huku, Mfuliiru, Mrundi, Mvira, bila kuchagua. Wabelgiji wakaliokota, wakawaita hivyo watu wa jembe na wa mizigo. Unafikiri mpishi wao walimwitaje, chai ikichelewa? Yule nyanya amekua akilisikia. Umelirudisha masikioni mwake siku ya furaha yake.

Naona unajuta, ni vizuri, lakini majuto yaliyobaki Nyamianda hayamsaidii Alliance. Panda gari uende Sange wewe mwenyewe, usitume mtu. Acha tai ya shingoni nyumbani, na mamba wako pia. Sévère akufikishe kwa nyanya, mbele ya walewale waliokusikia. Sema, "Mama, nilikukosea," halafu funga kinywa. Akikupa jembe, lima. Wakikubali kurudi, msemaji awe mwingine, wewe panga viti. Na akikuuliza babu yako alikuwa nani, usiongeze chumvi: mwambie alikula amesimama.