Bibi Rosa, Chumba Kimepatikana

Jakobsberg, Jumapili asubuhi, Novemba 1986

Bibi Rosa,

Tumeshinda. Nimeona nianze na hilo, maana ungekuwa hai ungenikatiza katikati ya salamu na kuuliza, "Matokeo, Mwanaidi, matokeo?" Salamu ndizo hizi. Ada ya barua za kwetu Tanga ni kuulizana hali. Yako siulizi, yangu ni njema, na ule mguu wako naamini umeshapona huko.

Nakuandikia kwa Kiswahili. Najua katika miaka mitano uliambulia maneno matatu tu, pole pole, chai na wakfu, na mawili ya kwanza uliyatumia kunifanyia mzaha. Lakini Kiswidi changu ni cha kazini na cha ofisini, na haya si mambo ya ofisini. Huko uliko sidhani kama mtu anahitaji mkalimani.

Hilo neno la tatu unakumbuka lilivyoingia? Manispaa ilikuwa imenileta kwako, mtaa wa Söder, kukupikia na kukuogesha, na mwaka mzima nilidhani wale wazee wanaokuja jikoni kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi wanafuata keki. Siku moja ukanieleza. Baba yako, mshona kofia, alifika mji huu akiwa na mkasi na mke mja mzito. Alipofanikiwa akatenga sehemu ya mali yake isiguswe, yatolewe matunda yake tu. Nikakwambia kwetu hiyo inaitwa wakfu. Ukalirudia neno mara tatu huku unalamba kijiko, na tangu siku hiyo hukuuita mfuko wa familia tena, hata mbele ya mwanasheria.

Ukanisimulia uliyoyakumbuka. Makoti ya watoto wa Kiyahudi waliokuwa wakienda shule wakitetemeka. Wasichana waliotoka makambini baada ya vita, mifupa mitupu, mkawapangia vyumba na kuwanunulia vyerehani. Nyumba ya wazee. Vitabu vya shule. Na kwa kuwa baba yako aliandika "kwa Wayahudi na kwa wahitaji wa mji huu", mkafungua nyumba ya wanawake waliokimbia waume wenye ngumi, na jiko la wale wasio na makazi wanaolala stesheni. Ulikuwa ukiyataja kama mtu anayetaja majina ya wajukuu, na wajukuu hukuwa nao.

Macho yako yalipofifia, ukanifanya msomaji. Sheria ya jikoni kwako naijua kama jina langu: msomaji husimama, husoma barua ya mwombaji tangu neno la kwanza hadi la mwisho, na hasemi lake. Hapigi kura, hatii chumvi. Baba yako aliiweka kwa sababu mwombaji hayupo mezani kujitetea, basi apewe angalau sauti isiyokatizwa. Mtoto wa Tanga kuambiwa anyamaze, Bibi, ulijua unaniadhibu. Ulikuwa ukinitazama kwa pembe ya jicho ukicheka.

Sasa nikurudishe Januari, kwa Swalehe.

Swalehe alikuwa binamu yangu, msafishaji wa uwanja wa ndege, akiishi Märsta. Moyo ulisimama ghafla akiwa kazini. Chumba cha kuoshea maiti hatukuwa nacho. Tulikuwa na kile chumba cha kuswalia chini ya jengo moja la mtaa wa Norsborg, na pembeni yake ghala la baiskeli. Humo ndimo wanaume walimwoshea, juu ya meza ya kupakia rangi. Maji tuliyachemsha wanawake kwa Hadija, yule rafiki yangu Mganda, ghorofa ya tatu, tukayashusha kwa ndoo kwenye ngazi. Yakifika chini yameshapoa. Jirani mmoja akafungua mlango kutafuta skii zake za kutelezea kwenye theluji, akaiona miguu ya Swalehe, akaomba radhi na kuufunga mlango taratibu. Ni mtu mwenye adabu, simlaumu. Lakini nilisimama na ndoo yangu nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani, na nikajiambia, hivi ndivyo na mimi nitakavyooshwa. Tangu siku ile nikaanza kuogopa kufa huku. Nikaanza kuweka akiba ya kurudishwa Tanga ndani ya sanduku.

Asubuhi yake nilikuja kwako nimevimba macho, nikakusimulia yote. Uliweka kikombe chini. Ukasema, "Leteni barua." Nikasema mimi siwezi, mimi ndiye msomaji. Ukasema, "Sijakwambia wewe. Mwambie huyo mwenye ngazi."

Hadija akaanza kuandika, na Hadija akiandika si mchezo. Kila nikimpigia simu kumharakisha ananijibu, "Mimi siwezi omba mtu kitu kabla sijamsalimia vizuri. Hiyo itakuwa tabia gani?" Wiki zikapita. Barua ilipotiwa posta, Bibi, wewe ulikuwa umeshatutoka siku mbili nyuma, na Hadija hakuwa na habari. Nilishindwa hata kunyanyua simu kumwambia.

Nikuambie pia la siku ya maziko yako, maana sijalisema kwa mtu. Wanawake wanne wa jumuiya yenu ya Kiyahudi waliingia ulipolazwa wakafunga mlango. Mimi niliyekuogesha miaka mitano, ninayejua kwamba goti la kushoto usiliguse, nikaambiwa nisubiri ukumbini. Nilinuna, nakiri. Kisha nikasikia maji yakimiminwa, mengi, bila kukatika, na wanawake wakisoma kwa sauti ya chini. Nikajua kumbe nanyi mnaosha wafu wenu. Miaka mitano tumekaa pamoja tukilinganisha samaki na mifungo, na hilo hatukuwahi kuliongea. Nilikaa kwenye benchi la ukumbini nikalia, na kununa kukaisha.

Alhamisi ya kwanza iliyofuata walikuja jikoni kwako watatu: Ester binamu yako, mzee Leo, na Daniel mtoto wa kaka yako, ambaye sasa ndiye mwenyekiti. Keki nilinunua dukani, na Ester aliiacha. Barua ilikuwa moja tu. Nikasimama nikaifungua, na mstari wa kwanza ulisema, "Mpendwa Bibi Rosa, sisi akina mama wa Norsborg tunakusalimu."

Ilikuwa na kurasa tatu. Ombi lilikuwa karibu na mwisho kabisa. Kabla yake Hadija aliuliza habari za nyumbani, habari za mguu, kama baridi imepungua upande wenu, kama unakula vizuri. Alisema amesikia unaumwa na kila Ijumaa wanakuombea afya na umri mrefu. Daniel alitazama saa yake. Ester alifunika uso kwa kitambaa. Nami nilisoma yote, kila habari, kila jambo, maana sheria ni neno la kwanza hadi la mwisho. Sauti ilinikatika mara mbili. Sheria haikatazi msomaji kulia.

Nikafika kwenye ghala la baiskeli, na ngazi, na maji yaliyopoa. Kisha ombi lenyewe: chumba kimoja kidogo kando ya makaburi, chenye maji ya moto, kwa yeyote ambaye watu wake huosha maiti. Na mwishoni kabisa Hadija alikuwa ameuweka ule msemo wetu, mwosha naye huoshwa, kwa Kiswidi chake cha Norsborg. Nikaukunja ukurasa.

Daniel hakuwa mkali, nisimsingizie. Alikuwa amechoka na alikuwa na majonzi. Alisema, "Babu aliandika Wayahudi na wahitaji. Maiti hahitaji kitu. Wakfu huu ni wa walio hai." Hata yeye alisema wakfu, ulimwambukiza. Halafu akanigeukia: "Wewe unawafahamu watu hawa. Una la kusema?"

Bibi Rosa, mlango ulikuwa wazi kabisa. Maneno yalikuwa yamejaa mdomoni. Ningeweza kumweleza Swalehe alikuwa nani, na hiyo miguu, na hofu yangu mwenyewe, na ningesema vizuri, unanijua. Nikakumbuka watu wote niliowahi kuwasomea barua zao, ambao hawakuwa na mtu wa kuwaongezea neno jikoni humo. Nikasema, "Msomaji hasemi." Nikaona tumeshindwa, na nikaona mimi ndiye niliyetuangusha.

Hapo mzee Leo akaweka uma chini. Mzee ambaye kwa miaka yote sikumsikia akisema zaidi ya "nipe sukari". Akasema, "Kwa kuwa msomaji hasemi, nitasema mimi."

Akamwambia Daniel kwamba yeye huosha wafu wa jumuiya tangu ujana wake, kama baba yake kabla yake. Wanaanza na upande wa kulia, akasema, na nilitaka kuruka, maana nasi ni hivyo hivyo. Akasema, "Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia asante. Ndiyo maana naenda." Kisha akasema zawadi ya kwanza ya wakfu haikuwa makoti.

Mama yako, yule aliyefika mja mzito, alijifungua, Bibi. Mtoto wa kike, majira ya baridi ya kwanza, akaishi siku tisa. Baba yako na baba yake Leo walimwosha kwenye beseni la kufulia, uani kwa mwenye nyumba, kwa maji yaliyoganda pembeni. Baba yako alipopata uwezo, kabla ya koti, kabla ya kitabu, alilipia vigae na jiko la kuchemshia maji katika kile chumba ambacho wiki tatu kabla ya Alhamisi ile ulioshewa wewe. Hakuandika popote. "Alisema haya ni malipo ya lile beseni," alisema Leo, "na hakurudia tena."

Ulijua? Nimejiuliza sana. Ulivyoweka kikombe chini asubuhi ile, nadhani ulijua. Ulikuwa na dada, na kwa miaka mitano uliniacha nikupige soga za binamu zangu wote wa Tanga, na huyo mmoja hukunitajia. Nilikukasirikia kwa siku kadhaa. Yameisha.

Daniel akasema kwa sauti ya mtoto, "Mbona hakuna aliyenieleza?" Ndipo akanyanyua mkono, wa kwanza, kabla ya Leo na kabla ya Ester. Ester alinyanyua miwili.

Na usidhani aliishia hapo. Huyo Daniel wako, uliyesema ana moyo wa karatasi, alipambana na manispaa msimu wote wa kiangazi. Walitaka kibali hiki na kipimo kile, na barua alizowaandikia hazikuwa na salamu hata moja. Alikuja Norsborg kwa treni mpaka kituo cha mwisho, akapanda ngazi za Hadija mwenyewe akihesabu vipandio, akala pilau kwa mkono akachafua tai. Hadija anamwita mwanangu. Mwezi uliopita wakatukabidhi ufunguo.

Ni chumba kidogo, Bibi. Vigae vyeupe, meza ya chuma yenye mfereji, dirisha la juu, na tangi la maji ya moto ukutani. Wa kwanza alikuwa mama mkwe wa Hadija, bibi wa Kampala aliyekuwa mwepesi kuliko wewe. Tulimwosha wanne. Nilifungua bomba na mvuke ukapanda hadi dirishani. Tuliosha kwa utulivu, mlango umefungwa, hakuna aliyekuja kutafuta kitu chake. Tulipomtia kafuri na kumfunga sanda, Hadija akakaa sakafuni akacheka huku machozi yakimtoka, nasi tukacheka naye, na sioni kama marehemu alichukia.

Mume wa Hadija alikuwa ameshachongesha kibao cha shaba chenye jina lako, kiwekwe juu ya mlango. Nilikikataa. Nikawaambia hakuna ukuta hata mmoja mjini humu, wala wa nyumba ya wazee wala wa nyumba ya wale wanawake, wenye jina la familia yenu, na hatutaanzia kwetu. Tuligombana wiki nzima. Hatimaye wanawake wakakata shauri bila kuniuliza: tukimaliza kuosha na kunawa mikono, tunamwombea marehemu, kisha tunamwombea mwenye maji. Hawataji jina. Wengine hata hawakujui. Mama mmoja wa Burundi aliniuliza juzi huyo mwenye maji ni nani, nikamwambia ni mtu wa Söder aliyekuwa akinionea kwenye karata.

Kwaheri, Bibi yangu. Nimekulilia vya kutosha na leo silii. Ahadi yangu ni kwamba nitasoma jikoni humo mpaka macho yangu nayo yachoke, neno la kwanza hadi la mwisho, na mdomo nitaufunga hata ukiniuma. Na ile akiba ya sanduku nimeivunja. Nimemnunulia binti yangu Zuhura fidla, na hivi ninavyoandika anaikwaruza chumba cha pili, vibaya mno. Nilimwambia kwamba nikifa sirudishwi Tanga, nitaoshwa hapa hapa, na yeye ndiye atakayeanza na upande wa kulia. Alinijibu kwa Kiswidi, kama kawaida ya watoto wa huku, kwamba sawa, ila kwanza amalize wimbo.

Basi usinisubiri upesi.

Msomaji wako,
Mwanaidi