Kumtangulia Loizos kwa Kadhi

Jumapili, 5 Oktoba 1572

Ortensia kaja kanisani kwetu. Enzi za Walatini wenzake, Wakatoliki waliotutawala, askofu wetu alisukumwa kuishi milimani. Waturuki walipouteka mji huu wa Lefkosia wakamrudisha, na kanisa kuu la Walatini wakaligeuza msikiti. Sasa mjane huyo anasimama nyuma yetu, hajui hata pa kuinama. Nilifurahi, nakiri. Kisha mume wangu akasogea ampishe. Loizos! Ambaye hata mama yake hampishi.

Jumatano, 8 Oktoba

Makomamanga yetu yaliyoiva yamechumwa yote. Loizos kasema ameyauza. Nimepita kwa Ortensia — maganda mlangoni. Ana shingo ndefu mjane yule, mbwa yule.

Ijumaa, 10 Oktoba

Jirani yangu Hariklia kaninong'oneza: Loizos anaulizia kusilimu. Si kwa ajili ya dini. Si kukwepa kodi ya Wakristo. Mwislamu anaruhusiwa mke wa pili, na mimi naweza kubaki Mkristo humo humo ndani.

Nimemuuliza. Hakukana. Aliendelea kusuuza nyuzi za hariri alizozitia rangi, mikono bluu hadi viwikoni.

"Hakuna anayekufukuza, Gnosia. Utakaa chumba chako, utasali sala zako."

Kama ananipa zawadi.

Jumapili, 12 Oktoba

Baba ni padri, nikamwendea. Kasema askofu hawezi kumhukumu mtu kwa jambo ambalo hajalitenda. Nivumilie. Nikamwambia Ortensia hatakuja kuvumilia chochote, yeye anakula makomamanga tu.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimekwenda kwa kadhi. Wakristo wenzangu walikuwepo tele, wanashtakiana viwanja. Kanisikiliza hadi mwisho, mkalimani katikati. Loizos akisilimu, kasema, siwezi kumzuia. Lakini nikisilimu mimi kwanza, ataitwa aulizwe. Akikataa Uislamu, ndoa imevunjika.

Kichwani nikamwona Loizos mbele ya watu, akinibembeleza nisimwache. Sikulala.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimesilimu asubuhi. Jina langu sasa Fatma. Baba kanifungia mlango — nasikia analia upande wa pili.

Loizos kaletwa mchana. Kadhi kamuuliza: unamfuata mkeo? Akaduwaa, akanitazama kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Nilijawa na furaha.

Kaulizwa mara ya pili. Halafu akamuuliza mkalimani, polepole, "Nikikataa, nakuwa sina mke?"

"Huna."

"Na kanisani naweza kuoa tena?"

Mkalimani kasema hayo akamuulize padri wake. Watu wakacheka. Loizos hakucheka. Nilimwona uso ukimfunguka, na hapo ndipo na mimi nikaelewa. Atabaki na Ortensia peke yake, kwa ndoa ya kanisa, chumba changu kikiwa kitupu.

Kadhi kasema atamuuliza mara ya mwisho kesho, baada ya sala ya Ijumaa. Nimelala kwa Hariklia.

Ijumaa, 17 Oktoba

Watu wanatoka msikitini. Nilimvizia Loizos kisimani, nikamwambia akubali kusilimu. Amlete Ortensia, nitampisha hata chumba cha mbele.

"Umeniwahi, Gnosia," kasema. Basi. Amekwisha kunawa bluu yote mikononi, kama bwana harusi.

Tunaitwa.