Kuhamia Gari la Mkate

Jumapili, 7 Septemba

Nimelinunua! Basi, limekwisha hilo. Gari la kusambazia mikate, zee, lililokuwa jeupe zamani, nyuma sanduku la bati lenye milango miwili kama kabati. Mwenye duka la mikate ameapa kwamba injini ni nzima, ni mlio tu. Mlio wenyewe ni wa mtu anayesafisha koo kabla ya kudanganya.

Ubavuni pamechorwa mkate mkubwa unaofuka moshi. Chini yake maandishi mekundu: MOTO MOTO KILA ASUBUHI.

Nimeliegesha nyuma ya kibanda changu cha kushonea, nikalifunika turubai. Nyumbani sijasema neno. Nilipoingia nilimkuta shemeji yangu kwenye kiti changu, miguu juu ya stuli yangu, anasikiliza redio yangu. Akaniambia karibu. Karibu! Nyumbani kwangu!

Jumatatu, 8 Septemba

Niandike sababu, nisije nikajisahau.

Nyumba ni ya kupanga, vyumba viwili na sebule. Mkataba una jina langu. Miaka mitatu iliyopita mdogo wangu na mumewe waliingia kusubiri mvua ikatike. Mvua ile ilikatika saa kumi jioni. Wao wapo. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe — sawa, lakini wahenga hawakusema ufanye nini mgeni akilisifia jembe, akaliegemeza ukutani, akarudi kukaa.

Shemeji hana ubaya. Halewi, hatukani. Anashauri tu. Kimoyomoyo namwita Mshauri Mkuu. Juzi kamshauri fundi bomba mpaka fundi bomba kaondoka na bomba. Mimi ananishauri kushona — mimi, miaka ishirini na saba kwenye cherehani!

Kwa nini nisiwaambie wahame? Kwa sababu mama alipofariki mdogo wangu alikuwa na miaka minne, nikamlea. Nilimbeba mgongoni huku napiga pasi. Mtu uliyembeba mgongoni utamwambiaje toka? Nimejaribu mbele ya kioo. Nafungua mdomo, linatoka "karibuni chakula".

Sasa wasipohama wao, nahama mimi. Mwenye nyumba anataka jibu tarehe thelathini: nisaini mwaka mwingine au nirudishe ufunguo. Nina siku ishirini na mbili za kuamua kama mjane wa miaka hamsini na moja anaweza kuishi ndani ya gari la mkate. Moyo unasema anaweza. Magoti yanaomba muda wa kufikiri.

Jumamosi, 13 Septemba

Aibu. Aibu tupu!

Nilimwagiza seremala kitanda cha kukingama, ukuta hadi ukuta. Mimi mfupi, inatosha. Upana wa ndani ni inchi sitini na nne, nimepima mwenyewe kwa tepu yangu ya shingoni. Kwenye karatasi nikaandika sitini na nane. Mkono uliandika wenyewe! Maisha yangu yote nikishapima naongeza inchi mbili kila upande, za mshono. Na seremala hakuuliza. Fundi hamuulizi fundi mwenzake vipimo. Ndiyo heshima yetu, na ndiyo iliyotuponza.

Tulikiingiza kimelala ubavu, yeye mbele anavuta, mimi nyuma nasukuma. Kilipofika katikati tukakilaza. Kikakwama. Kona moja juu, nyingine chini, kimekaza kama kizibo — na seremala yuko upande wa ndani! Kati ya sanduku na kiti cha dereva kuna kidirisha tu, cha kupitishia risiti.

Saa nzima mtu wa watu yumo humo. Nikampitishia chai kwenye kidirisha. Akaniuliza kwa upole, hizi inchi nne zimetoka wapi, fundi? Nikasema ni za mshono. Akaigonga mbao kwa kidole. Halafu akasema, fundi, mbao haina mshono.

Mwishowe nikampitishia msumeno. Akakata kitanda chake mwenyewe kutoka ndani, huku akikitukana kwa majina. Alikata kwa hasira, akapitiliza. Sasa kina inchi hamsini na sita. Mimi nina sitini. Nitalala nimekunja magoti. Hayo hayo yaliyoomba muda.

Jumanne, 16 Septemba

Siri imetoka. Seremala kamsimulia kinyozi jirani yangu, kinyozi kakisimulia kila kichwa alichonyoa.

Mdogo wangu alifika kibandani saa nne, akafunua turubai, akasoma. Akacheka mpaka akakaa chini. Dada, mjane wa watu, ulale ndani ya maandishi haya? Nikamwambia ni gari la biashara, la kupelekea mapazia kwa wateja. Nimedanganya kwa macho makavu kabisa. Aliacha kucheka, akakitazama kitanda. Akauliza kama mapazia siku hizi yanapelekwa yamelala.

Kumbe na Mshauri Mkuu yuko nyuma yake. Amekuja kwa miguu! Sijawahi kumwona akivuka geti. Akapiga teke matairi, akashauri kuhusu betri, akashauri kuhusu rangi, akapanda kiti cha dereva na kukilaza nyuma. Akafumba macho kidogo. "Kinalala vizuri hiki," akasema.

Sikuipenda sauti hiyo.

Ijumaa, 19 Septemba

Jaribio la kwanza la kulala garini, turubai nimelivua nipate hewa. Nyumbani nimeaga kwamba nina sare za harusi, nitalala kibandani.

Alfajiri, saa kumi na moja na nusu, ngo ngo ngo! Nikafungua, kilemba kimenishuka usoni. Mzee mmoja na mfuko wake. Umebaki wa kukata? Nikamwambia, baba, gari hili halina mkate, nalala mimi. Akachungulia ndani, asije akawa anafichwa mkate. Akasema dereva wa zamani alikuwa na adabu zaidi.

Hadi saa moja walikuwa saba. Wa saba nilichoka kueleza, nikampa mkate wangu mwenyewe wa chai. Akaushika. Akasema, mbona si wa moto?

Choo ni cha kinyozi. Ufunguo kaufunga kwenye mwiko, usipotee, kwa hiyo barabara nzima inajua mtu anakwenda wapi. Magoti yamekauka. Shingo imegeuka upande.

Na bado! Nilipoamka birika lilikuwa pale pale nilipoliacha. Hakuna redio. Hakuna mtu wa kunieleza namna ya kuchemsha maji. Nilikaa kwenye kile kitanda kifupi na kikombe changu, nikafurahi mpaka nikajionea aibu. Sijawahi kufurahi hivyo tangu mume wangu afariki.

Jumapili, 21 Septemba

Mvua. Gari halivuji. Nyumba inavuja. Mshauri Mkuu kashauri nisogeze ndoo.

Alhamisi, 25 Septemba

Nimekwenda kwa mama mwenye nyumba kumtangulizia habari. Mama mtu mzima, miwani imening'inia kifuani, hakopeshi hata tabasamu. Nikamwambia huenda nikahama, ila mdogo wangu na mumewe wangebaki. Nilikuwa nimeyapanga vizuri: mimi natoka, wao wanabaki, hakuna aliyefukuzwa, hakuna aliyeudhika.

Akavaa miwani, akanitazama. Mwanangu, kwenye karatasi yangu kuna jina moja. Likitoka hilo, zinatoka na soksi za shemeji yako. Miaka mitatu napita pale, huyo mwanamume namjua nyayo tu.

Nimerudi njia nzima nikihesabu. Kumbe nikihama, nimewafukuza. Nisipohama, nimekwisha. Nimemlea mtoto wa watu miaka yote hiyo nije nimtoe nje kwa karatasi, kwa mdomo wa mtu mwingine?

Ijumaa, 26 Septemba

Nimemwambia. Si lile neno — nimemwambia nahama. Tulikuwa tunakunja nguo kitandani kwake. Shati la mumewe, gauni langu, shati, shati.

Akauliza, dada, unahama nyumba nzima ili usiseme neno moja?

Nikasema ndiyo.

"Ungesema tu."

"Ungehama?"

Akafikiri. Akalikunja shati, akalikunjua. "Nisingehama. Lakini ungesema."

Tukacheka. Kisha nikakasirika kwamba nimecheka. Ndipo akaongea taratibu, macho kwenye nguo. Anasema miaka mitatu ananisubiri mimi. Yeye hawezi kumwambia mumewe twende tukapange kwetu, atauliza kwa nini, atashauri mpaka kuche. Lakini ningesema mimi, angeweza kumwambia: dada kasema. Yangeisha.

Kumbe na yeye limemkwama! Tumekaa watu wazima wawili kwenye nyumba moja, kila mtu anamsubiri mwenzake. Nikamuuliza mbona hukuniambia. Akasema, wewe ni mkubwa wangu, ningeanzaje? Nimelia kidogo bafuni. Nilimkumbuka alivyokuwa akinivuta kitambaa cha kichwa akitaka kushuka mgongoni, na mimi nikidhani anacheza.

Hata hivyo bado sijalisema. Nimerudi sebuleni nikamkuta Mshauri Mkuu anapima kiti changu kwa viganja. Sikuuliza. Labda ningeuliza.

Jumanne, 30 Septemba

Saa tatu asubuhi. Gari liko mlangoni, milango ya nyuma wazi. Nimekwisha pakia cherehani, birika, nguo, godoro lililokatwa. Mama mwenye nyumba kafika na karatasi, kalamu na miwani, akakaa kizingitini bila kukaribishwa. Kasema atangoja.

Nimeshaingia kwenye kiti cha dereva ndipo akatokea Mshauri Mkuu. Amebeba kiti. Kiti changu! Amekikumbatia mbele, haoni njia, anakwenda moja kwa moja kwenye milango ya nyuma. Begani redio. Nyuma yake mdogo wangu, mkono mmoja sanduku, mwingine mto.

"Shemeji," akasema, na alikuwa na huruma ya kweli, ndiyo inayoniua, "tumezungumza tukaona hatuwezi kukuacha peke yako barabarani. Ndugu ni ndugu. Nimepima, panatosha watatu. Kiti kitakaa hapa, kitanda tukikipandisha."

Tumezungumza! Mdogo wangu hakuzungumza chochote, nilimwona usoni. Alikuwa ananitazama. Ananisubiri, vile vile kama alivyosema pale kwenye nguo.

Nilifungua mdomo. Nilijua kitakachotoka. Karibuni, pandeni, angalieni msigonge kichwa. Nilishalisikia kwenye meno.

Likatoka: "Hapana."

Mshauri Mkuu akangoja. Mimi hapana yangu huwa na mkia — hapana labda, hapana kwa leo, hapana lakini kaeni kwanza mle. Alikuwa anasubiri mkia.

"Hapana nini, shemeji?"

"Hapana. Basi."

Mama mwenye nyumba kavua miwani. Sikufa! Moyo unapiga kama cherehani isiyo na mafuta, lakini sikufa.

"Na kiti?" akauliza.

"Kiti ni changu."

Mdogo wangu akaweka sanduku chini, akakalia, akafunika uso kwa mto. Mabega yanatikisika. Anacheka au analia, kutoka hapa siwezi kujua. Nimesikia tu sauti yake ndani ya mto, ikimwambia mumewe: dada kasema.

Ningeondoka basi. Ufunguo wa gari uko mahali pake. Lakini mama mwenye nyumba kainuka, kaja mpaka dirishani, kanipa karatasi na kalamu. Haya, mwanangu, unasaini au unanirudishia ufunguo? Nina nyumba nyingine mbili za kupita.

Na hapo ndipo nimekwama mimi sasa. Kama neno linatoka — nahama kwa nini? Nyumba ina jina langu. Chumbani kuna kitanda kinachonitosha kuanzia kichwa mpaka miguu. Wanaotakiwa kutafuta pa kwenda ni wale wawili, na mmoja wao keshaanza kupangusa machozi.

Ila ile Ijumaa! Kikombe changu, bati, magoti yaliyokunjwa, furaha ile. Nilikuwa nafurahia gari, au nilikuwa nafurahia kukaa na mimi mwenyewe? Sijui. Kwa kweli sijui. Miaka hamsini na moja na sijawahi kuulizwa swali hilo, hata na mimi.

Nimeomba dakika moja. Nimefungua daftari hili juu ya usukani, injini inasafisha koo. Mshauri Mkuu bado amekumbatia kiti katikati ya njia, kwa mara ya kwanza hana la kushauri. Mama mwenye nyumba kainamisha kichwa dirishani — kalamu ninayoandikia ni yake — na anauliza ni saini gani hiyo ndefu namna hii, naye anaivuta kala—