Upande wa Mjini

Mlandizi, Kibaha
14 Julai 2025

Shikamoo baba. Mimi mzima, shangazi Hajra mzima, ila kuku wake mmoja anaumwa. Mgongo wa mama vipi?

Mwalimu Mashaka ametaka kila mtu wa darasa la tano aandike barua ya kweli nyumbani, aeleze tunachosoma muhula huu. Hisabati ni sehemu na eneo. Sayansi, udongo. Maarifa ya Jamii tunachora ramani. Kiingereza tunasimulia mambo ya jana. Kiswahili ni barua, halafu mdahalo.

Baba, ulisema ukiona tunasoma upuuzi utanirudisha nyumbani moja kwa moja. Naomba usome vizuri kwanza. Mimi napapenda hapa.

Mwanao, Anifa

Vihingo, Kisarawe
24 Julai 2025

Marahaba mwanangu. Sisi wazima. Mgongo wa mama yako umetulia tangu nikubali kuchota maji mwenyewe.

Udongo mnausomea wapi, ubaoni? Mwambie huyo Mashaka aje nimpe jembe, atajua kichanga na mfinyanzi kabla chai haijapoa. Na hiyo ramani, Vihingo imo? Kama haimo, hiyo ni picha iliyochorwa na watu wasiotujua. Sehemu siwabishii.

Kula ushibe. Uliza maswali hata mwalimu akinuna.

Baba yako, Jumbe

Mlandizi
6 Agosti 2025

Shikamoo baba. Hatujambo. Yule kuku shangazi alimuwahi na kisu, tukamla.

Mwalimu alilisomea darasa zima barua yako, akacheka mpaka akakaa chini. Kesho yake akatutoa nje tukachimba udongo nyuma ya madarasa. Vihingo tumeiongeza kwenye ramani kwa kalamu nyekundu.

Mdahalo ni Ijumaa tarehe 29, saa nne: maisha ya mjini ni bora kuliko ya shamba. Mimi ni msemaji mkuu upande wa mjini. Wazazi mnakaribishwa.

Mwanao, Anifa

Vihingo
13 Agosti 2025

Marahaba. Tuko wazima.

Kumbe ndicho mnachofundishwa, kwamba tuliokulea kwa jembe si bora. Mtu hasimami mbele za watu akatetea asichokiamini. Muhula ukiisha rudi na nguo zako zote. Mananasi yatakuwa yameiva, mikono inahitajika.

Baba yako

Mlandizi
20 Agosti 2025

Shikamoo baba. Afya ninayo, raha sina. Shangazi anakupigia simu hupokei.

Baba, upande hatuchagui, tunapangiwa. Nikikataa, Dotto wa upande wa shamba atashinda bure, na hajui hata muhogo unapandwaje. Njoo unisikilize. Ukitaka kunichukua, unichukue baada ya hapo.

Mwanao, Anifa

Vihingo
31 Agosti 2025

Mwanangu Anifa, hujambo? Mama yako anakusalimu. Ndiye aliyenifukuza nyumbani nije huko kwenye mdahalo.

Nilikuwepo. Nilisimama nje ya dirisha, shangazi yako asinione. Uliposema mjini mjamzito hahangaiki njiani akitafuta bodaboda, hoja hiyo nilikupa pale pale dirishani. Huyo Dotto alilitetea shamba vibaya, nusura niingie kumsaidia. Lakini ulisema shamba hakuna taa. Sola tunayo tangu mwaka juzi. Hoja mbovu kabisa, na wenzako wakakupigia makofi.

Nimeanza kuandika majibu, niko ukurasa wa nne. Hapa Vihingo hakuna wa kubishana naye, wote wananikubalia ili niondoke. Mananasi tutavuna mimi na mama yako. Wewe Januari ingia la sita huko huko, usome mpaka uweze kunijibu.

Baba yako, Jumbe